Opera Isiyo na Nyuzi Mjini Nizwa

Vijana wa idara ya muziki wameniomba niandike namna tulivyokuwa tukitunga tamthilia za kuimbwa. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Niliyohadithiwa nawaachia walioyahadithia, kwa sababu katika kazi hii uvumi ni mwingi kuliko muziki. Vyeo pia sitavitaja. Barua za vyeo hivyo zimo katika majalada, na hazina sauti.

Nota nilianza kujifunza Unguja mjini, katika klabu ya taarabu, kwa mwalimu wa fidla aliyenichapa kiganja kwa upinde kila nilipotanguliza kidole kabla ya sikio. Misri nilikopelekwa baadaye nilifundishwa kwa vitabu na kwa adabu kubwa, na sikumbuki nusu ya niliyofundishwa. Kiganja kinakumbuka yote.

Siku yangu ya kwanza kazini Sur, mji wa pwani mbali na Maskati, nilionyeshwa chumba nyuma ya ukumbi. Kilikuwa na meza, feni, na kinanda kilichovimba kwa unyevu wa bahari hata baadhi ya vibonyezo vyake vikibonyezwa havirudi. Nilimwuliza mkuu wangu nianze na nini. Wakati ule sherehe zetu zilipambwa kwa maonyesho makubwa ya nyimbo, ambayo mpaka leo watu wanayaita oboreti. Muziki wake ulirekodiwa nje ya nchi, ukaletwa kwa mkanda, na vijana uwanjani wakatikisa midomo.

"Ustadh," aliniambia mkuu wangu, "kazi yako ni kuhakikisha midomo inafunguka kwa wakati."

Niliifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Naweza kushuhudia kwamba si nyepesi, kwa sababu mtu asiyeimba husahau kuvuta pumzi, na mtazamaji aliyekaa mbele huona nyimbo zinatoka katika vifua vilivyotulia kama mito ya kulalia.

Aliyenitoa huko ni Mmarekani, Bwana Dorsett. Kwao alikuwa mtunzi wa opera na wa tamthilia za muziki, zile zinazochezwa kila siku mpaka watu wazichoke, na alikuja Sur kutufundisha kwa msimu mmoja. Yalisemwa mengi juu yake mjini. Mimi nathibitisha mambo mawili: alikunywa chai yetu ya maziwa bila kulalamika, na hakuwa na huruma na karatasi ya mtu. Nilimpelekea wimbo wangu wa kwanza, nimeuandika kwa wino mweusi, mistari imenyooka. Aliutazama kwa muda.

"Umemwandikia nani huu?"

"Sauti ya kiume, ya juu," nilijibu.

"Sijauliza sauti gani. Nimeuliza nani."

Alinirudishia karatasi na kunipa penseli.

"Nenda kamtafute huyo mtu," alisema. "Msikilize akiagiza chakula. Msikilize akigombana. Ukijua anavutia wapi pumzi akikasirika, rudi uandike. Na wino waachie mahakimu."

Alikuwa na maneno ya ukali wa namna hiyo kila siku. Lakini yeye mwenyewe nilimwona akikaa nje ya duka la samaki asubuhi nzima, akimsikiliza kijana aliyetakiwa kuimba sehemu ya nahodha, na aliporudi alifuta kurasa nzima za kazi yake bila kusikitika. Opera, alituambia, si muziki uliotiwa maneno. Ni watu wanaotaka kitu mpaka kusema hakuwatoshi. Nimefundisha kauli hiyo miaka mingi, na kila mwanafunzi aliyeipinga alilazimika kuipaza sauti yake.

Tangu hapo sikuandika kitu nisichokisikia mwenyewe. Niliambiwa na watu wengi, wote wakiapa, kwamba Ras al Hadd wapo wazee wanaoimba wimbo wa kuvutia jarife, ule wavu mkubwa wa samaki, uliorithiwa kwa mababu. Nilikwenda. Wazee walikuwepo, na waliimba vizuri sana. Nilipowauliza walijifunza kwa nani, mkubwa wao alinitazama kwa mshangao, akasema, "Redioni." Sikuutumia. Ibra kulikuwa na shida ya namna nyengine. Nilitaka nyimbo za wanawake kwa ajili ya tamthilia ya harusi, na pale ziliposikika vizuri zaidi ni soko la Jumatano, ambalo ni la wanawake na mwanamume haingii. Alikwenda mke wangu, akarudi na vitambaa vingi na nyimbo chache. Aliniimbia jikoni huku akinikataza kuandika mpaka amalize kukaanga, na nyimbo zile ndizo sahihi kupita zote nilizowahi kuziweka jukwaani.

Sasa nifike Nizwa, maana vijana khasa wanauliza Nizwa, na yanayosimuliwa juu ya kazi ile yamekwisha kuharibika.

Nilitakiwa nitunge opera fupi juu ya vijiji viwili vinavyogombania maji ya falaji, yaani ule mfereji unaoleta maji kutoka mlimani hadi mitendeni. Sharti lilikuwa moja. Wazee wa mji walikubali tamthilia, wakakubali kuimba, lakini ala za muziki walizikataa: pasisikike uzi wa udi wala wa fidla, wala kinanda, wala mkanda. Sauti za wanadamu peke yake. Wenzangu wa Maskati walinipa pole. Sikuzihitaji. Mtunzi anayelia kwa kunyimwa fidla ni kama mpishi anayelia kwa kunyimwa sahani.

Mwimbaji niliyemtaka alikuwa Said, mwalimu wa jiografia katika skuli moja ya mji. Nilimsikia kwa mara ya kwanza akiwafokea wanafunzi waliopanda ukuta, na sauti yake ilipanda kwa ukali bila kupasuka. Lakini Said hakuwa mtu wa kujiamulia. Baba yake, Sheikh Hamed, alizaliwa Pemba, akarudi Nizwa kwa wazee wake, akawa mkaguzi wa lugha ya Kiarabu mpaka alipostaafu. Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba. Said mwenyewe ndiye aliyetumiminia kahawa.

"Nimesikia," alisema Sheikh Hamed, "kwamba nyuma ya pazia utaficha mpiga udi."

"Nani aliyekwambia, Sheikh?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa sokoni, siku ya mnada wa mbuzi."

"Sheikh Hamed," nilimwambia, "wewe hununui mbuzi Ijumaa mpaka umfungue mdomo utazame meno. Mbona khabari umeinunua ndani ya gunia?"

Hakucheka, lakini kikombe kilisita kidogo mdomoni.

"Haya, nimeifungua mdomo," alisema. "Sasa nionyeshe meno. Yupo mpiga udi au hayupo?"

"Hayupo. Wala hatakuwepo."

"Basi sikiliza, yaa akhi. Nitakaa mstari wa mbele. Nikisikia uzi mmoja, nitasimama, na Said atatoka nami mbele ya watu, hata kama neno limo mdomoni mwake. Na hatapanda tena jukwaa, si lako wala la mwengine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na wewe?" alimgeukia mwanawe.

Said aliliweka chini birika la kahawa. "Baba, ukisema nitoke nitatoka. Lakini nataka ujue kwamba hii ndiyo ninayoitaka. Sitaki nyengine."

Mzee alimnyoshea kikombe amjazie.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mbele yetu, na kila tulichokifanya baadaye tulikifanya tukiyajua. Mimi ningeweza kutunga nyengine. Said hakuwa na nyengine.

Anayefikiri kuimba bila ala ni rahisi hajawahi kusimamia mazoezi. Waimbaji wasio na chombo cha kuwashikilia hushuka sauti. Hawashuki kwa mkupuo. Hushuka unywele kwa unywele, kila mmoja akimfuata jirani yake kwa adabu, na mwisho wa onyesho la kwanza wote wako chini ya mahali walipoanzia, na kila mmoja anaapa kwamba hakuondoka. Dawa yake ni uma wa sauti: kichuma chenye meno mawili, ukikigonga hutoa sauti moja isiyobadilika. Mimi nilikigonga gotini, nikakiweka kitako chake kwenye mfupa nyuma ya sikio, nikasikia peke yangu, kisha nikaguna sauti ile taratibu kwa mwimbaji wa karibu, naye akampokeza mwenzake. Ukumbini hapakusikika kitu.

Siku moja katika mazoezi Sheikh Hamed aliingia bila taarifa, bakora mkononi. Waimbaji walinyamaza kama wanafunzi waliokutwa na mkaguzi, na kwa hakika wawili watatu kati yao walikwisha kukutwa naye zamani.

"Shikamoo, Sheikh," walisema.

"Marahaba. Endeleeni." Kisha akaniona mkono wangu. "Hicho nini?"

"Kichuma cha kupimia sauti."

"Kinalia?"

"Kinanilia mimi peke yangu."

"Lete."

Nilimpa. Alikigonga gotini pake, kidogo mno, halafu kwa nguvu mno, akakunja uso. Alikiweka nyuma ya sikio, akafumba macho. Tulingoja. Said alikuwa amesimama na upanga wa mbao, na sidhani kama alikuwa akivuta pumzi.

"Ajabu," alisema mzee. Akakigonga tena. Akakigonga mara nyengine, bila ya haja yoyote ya uchunguzi niliyoiona.

"Sheikh, ni ala au si ala?" mmoja wa waimbaji alithubutu kuuliza.

"Wewe Nasor, tangu darasa la nne unauliza kabla ya kufikiri." Alinirudishia uma. "Madamu anasikia mtu mmoja, hii ni kama saa ya mfukoni. Lakini ikilia ukumbini watu wakasikia, kwangu ni uzi. Hapo ahadi yetu imevunjika."

Nilikubali. Hukumu ilikuwa wazi, na nimewahi kupewa maelekezo mabaya zaidi na watu wenye vyeo vikubwa zaidi.

Mwisho wa opera niliuweka katika azi. Kwa wasomaji wasiotoka huku nieleze: azi haiimbwi. Mtu mmoja hutoka mbele ya wanaume na upanga, akautikisa, akatamka beti za fahari au za suluhu kwa sauti ya juu, na kila beti wenzake wanamjibu kwa pamoja, "Wasalimt!", yaani, nawe usalimike. Katika hadithi yangu kijana wa kijiji cha chini anakwenda kwa wanaume wa kijiji cha juu na kuwasomea azi ya kuomba yaishe. Katika mazoezi Said alisema beti. Kundi la jukwaani lilijibu kwa sauti niliyowapangia. Kikafuata kimya kifupi. Kisha beti nyengine. Kutokana na jibu la mwisho kundi lingepata sauti ya kuanzia wimbo wa mwisho. Niliupima mpango huu kwa penseli, nikaufuta, nikaupima tena. Bwana Dorsett angeupitisha.

Siku ya kwanza ya onyesho tulianza baada ya alasiri. Ukumbi ulijaa wanaume wa Nizwa na wa vijiji vya jirani, kanzu nyeupe mstari kwa mstari, na wengine walikuja kutoka mbali, hata wilaya ya Dima wa Tayyin. Kwenye roshani walikaa wanawake. Sheikh Hamed alikuwa mstari wa mbele, nyuma ya mgongo wangu, kama alivyoahidi, mikono juu ya bakora, sikio moja limeelekezwa kwenye pazia. Onyesho la kwanza lilipita. La pili likapita. Kichuma changu kilifanya kazi yake nyuma ya sikio, na waimbaji hawakushuka. Mzee hakutikisika.

Said alitoka na upanga. Alisimama, akautikisa, akasema beti ya kwanza.

Kundi lilijibu, "Wasalimt!" Na papo hapo, juu ya kimya changu kilichopimwa, ukumbi mzima ukajibu.

Niwe wazi juu ya kosa lililokuwepo, kwa sababu ni kosa ambalo Bwana Dorsett asingeweza kuliona wala kulizuia. Kwao watazamaji hukaa gizani na kupiga makofi mwisho. Mimi niliandika kama wao. Lakini mwanamume wa huku akisomewa azi usoni hawi mtazamaji. Amesalimiwa, na anayesalimiwa asijibu amekataa suluhu. Pale palikuwa na wanaume ukumbi mzima, na kila mmoja kwa malezi yake alijua wajibu wake isipokuwa mtunzi, aliyewaandikia wanyamaze.

Said aliduwaa. Alinitazama mimi. Alitazama mstari wa mbele. Baba yake alikuwa bado ametega sikio kwenye pazia, mdomo umefungwa. Said alivuta pumzi, akasema beti ya pili haraka mno, na jibu likamwangukia kabla hajaimaliza. Ya tatu aliisema polepole. Hapo niligeuka, nikamwona Sheikh Hamed akiinua mkono wa kulia kutoka kwenye bakora, na nikaisikia sauti yake, kavu, ya mkaguzi, imetangulia ya wenzake: "Wasalimt!"

Beti zilizobaki zilikwenda kwa mwendo wa ukumbi, si wangu. Kila jibu lilikuwa zito kuliko lililotangulia. Na kila jibu liliizika zaidi sauti ya msingi niliyoipanga kwa taabu, mpaka azi ilipokwisha hapakuwa na mwimbaji hata mmoja aliyejua aanzie wapi. Kundi zima lilinigeukia.

Niligonga uma gotini. Sauti ilikuwepo, sahihi, nyuma ya sikio langu. Niliguna, mwimbaji wa karibu alitikisa kichwa, hasikii, kwa mvumo wa watu. Ilibaki njia moja. Mbele yangu palikuwa na kibao cha nota cha mti mkavu. Kitako cha uma kikigusa mti ule, hulia kama kengele ndogo, na kundi lote lingesikia. Wangesikia na wengine. Ingekuwa sekunde moja, na naamini katika ukumbi ule wote ni mtu mmoja tu ambaye angejua kilicholia. Alikuwa hatua chache nyuma yangu, mkono wake bado uko juu, na jukwaani alisimama mwanawe, ambaye angetoka naye kabla ya wimbo wa mwisho na asirudi.

Nilitia uma mfukoni. Nikamwonyesha Said kwa kidole: anza wewe.

Alianza pale ukumbi ulipomwachia. Palikuwa chini, chini sana kuliko nilivyoandika. Vijana wenye sauti za juu walistarehe. Wenye sauti nzito waliteremka mpaka nikaogopa hawatarudi, na nota za mwisho walizisema zaidi kuliko kuziimba. Wimbo ulikwenda kama gari iliyojaa tende inavyopanda mlima. Lakini ulikwenda, na wote walikuwa mahali pamoja, na hapakulia kitu kilichotengenezwa na fundi yeyote. Wanaosema leo kwamba niliukusudia uzito ule, wakautafutia na maana, wanasema uvumi, nami naukanusha hapa kwa maandishi.

Watu waliposimama kuondoka, Sheikh Hamed alipanda ngazi za jukwaa. Waimbaji walimpisha. Said alikuwa na jasho mpaka kwenye kola ya kanzu.

"Baba."

"Beti ya pili uliikimbiza. Nani alikuwa anakufukuza?"

"Ukumbi, Baba. Walinijia kwa ghafla."

"Wakujie! Wewe ndiye mwenye upanga. Unasema, unangoja wamalize, unatazama huku, unatazama huku, ndipo unasema nyengine. Babu yako akingoja mpaka watoto wanalia. Haya, iseme."

"Sasa hivi?"

"Una safari?"

Said aliisema beti ya pili pale pale, mafundi wakikunja viti. Mzee alimsikiliza mpaka neno la mwisho, akamwacha angoje kidogo, kisha akamjibu peke yake kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayerudisha salamu mlangoni. Halafu alinigeukia mimi.

"Ustadh, wimbo ule wa mwisho, mmeuimba kisimani?"

"Karibu na hapo, Sheikh."

"Kesho upandisheni." Akashuka ngazi.

Asubuhi yake nilikaa na nota na kifutio. Nilikifuta kile kimya baada ya kila beti, na chini ya mistari ya waimbaji nikaongeza mstari mmoja mpya usio na nota, nikauandikia "Watu". Wimbo wa mwisho nikauhamisha uanze kwa Said peke yake, popote atakapoachiwa, na wengine wangoje kipimo kizima cha mapigo kabla ya kumfuata, wapate kujua wako wapi. Tangu siku hiyo opera ile haijaimbwa mara mbili kwa urefu mmoja, na nimeacha kujibu barua zinazouliza inachukua muda gani.

Alasiri Sheikh Hamed alikuja na wazee wa msikiti wao, akawapanga mstari wa mbele, mmoja mmoja, akiwaelekeza kwa bakora. Said alikuwa amesimama nyuma ya pazia akifunga mkanda wa upanga. Nilipoinua mkono tuanze, nilimsikia mzee nyuma yangu akisafisha koo.